SQL: Nawezaje kupata mstari wenye thamani kubwa zaidi katika kila kundi, pamoja na safu zake zote?

Mpima_Anga aliuliza:

Wakuu, salaam.

Nina jedwali la vipimo vya joto. Kila kituo kina vifaa kadhaa, na kila kipimo kinaandikwa mstari wake. Natafuta kipimo cha juu kabisa cha kila kituo, na nataka mstari mzima: kifaa kilichopima, saa, na joto lenyewe. Nimefupisha data ibaki hivi:

```
id  kituo  kifaa  saa               joto
1   A      K1     2024-03-01 06:00  18.4
2   A      K2     2024-03-01 14:00  31.2
3   A      K1     2024-03-02 10:00  27.9
4   A      K3     2024-03-02 14:00  31.2
5   B      K4     2024-03-01 14:00  27.9
6   B      K5     2024-03-02 14:00  NULL
7   C      K6     2024-03-01 15:00  22.5
8   D      K7     2024-03-01 15:00  NULL
```

Kweri niliyoandika:

```sql
SELECT kituo, kifaa, saa, MAX(joto)
FROM vipimo
GROUP BY kituo;
```

Kwa kituo A inaniletea `A | K1 | 2024-03-01 06:00 | 31.2`. Joto ni sahihi, lakini K1 haijawahi kupima 31.2, na saa kumi na mbili asubuhi joto lilikuwa 18.4. Hitilafu haitokei, majibu ndiyo yaliyochanganyika. Kwenye PostgreSQL kweri hiyohiyo inakataliwa kabisa.

Seva ni MySQL 8.0. Jedwali halisi lina mistari kama milioni 4 na vituo 300, na kuna jedwali la pili, `vituo`, lenye mstari mmoja kwa kila kituo. Naomba njia sahihi, na sababu ya hii yangu kukosea.

---

FundiKweri alijibu:

Mkuu, tuanze na sababu, kwa kuwa ukishaielewa hutaurudia mtego huu kwenye kanzidata yoyote.

`GROUP BY kituo` inakunja mistari yote ya kituo kimoja iwe mstari mmoja. `MAX(joto)` inapiga hesabu na kutoa namba; haichagui mstari. Jaribu kuwaza umeandika `MAX(joto), MIN(joto)` pamoja na `kifaa`. Kifaa kitoke wapi, kwenye mstari wa joto la juu au wa joto la chini? Hakuna jibu, na ndiyo maana kanuni za SQL hazikubali safu iliyoachwa peke yake nje ya `GROUP BY` na nje ya hesabu. PostgreSQL inaikataa. MySQL nayo inaikataa tangu 5.7.5, toleo ambalo `ONLY_FULL_GROUP_BY` ilianza kuwashwa yenyewe, na hitilafu utakayoiona ni namba 1055. Kwa kuwa wewe huioni, kuna mtu aliizima. Hakikisha:

```sql
SELECT @@sql_mode;
```

Kama haimo, MySQL ina ruhusa ya kuokota `kifaa` na `saa` kutoka mstari wowote wa kundi. Leo inaweza kuokota mstari wa kwanza, kesho baada ya kuongeza indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia mistari haraka) ikaokota mwingine. Ushauri wangu ni uirudishe. Ikishaanza kukataa kweri, usiitulize kwa `ANY_VALUE(kifaa)`, kwani hiyo ni kusema kwa maandishi kwamba kifaa chochote kinakufaa. Wala usiongeze `kifaa, saa` kwenye `GROUP BY`: hapo kila kipimo kinakuwa kundi lake na utarudishiwa jedwali zima.

Kwa MySQL 8.0 njia iliyonyooka ni funksheni ya dirisha. Inaupa kila mstari wa kundi namba kwa mpangilio unaoutaka bila kuikunja mistari, kisha unabakiza namba 1:

```sql
SELECT id, kituo, kifaa, saa, joto
FROM (
  SELECT p.*,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY kituo
           ORDER BY joto DESC, saa, id
         ) AS n
  FROM vipimo AS p
) AS t
WHERE n = 1;
```

`PARTITION BY` ndiyo inayotaja kundi, na `ORDER BY` ya ndani ya mabano inasema nani awe wa kwanza ndani ya kundi hilo.

Kuna mambo matatu yanayowakwaza watu hapa. Kwanza, huwezi kuandika `WHERE ROW_NUMBER() OVER (...) = 1` moja kwa moja. Funksheni za dirisha zinahesabiwa baada ya `WHERE`, `GROUP BY` na `HAVING` kumaliza kazi, kwa hiyo wakati `WHERE` inachuja, namba bado hazijakuwepo. Ndiyo maana tunazungushia kweri ya nje. (Snowflake, BigQuery, DuckDB na Teradata zina `QUALIFY` inayoondoa haja hiyo. MySQL na PostgreSQL hazina.) Pili, kweri ya ndani ipe jina, hapa `t`, MySQL haikubali iwe haina. Tatu, usiite safu ya namba `rank` wala `row_number`, maana kwenye MySQL 8.0 ni maneno yaliyohifadhiwa na utapata hitilafu ya sintaksia isiyoeleza chanzo chake.

Funksheni hizi zipo MySQL kuanzia 8.0, MariaDB 10.2, SQLite 3.25, PostgreSQL 8.4. Ukiwa chini ya hapo itabidi njia nyingine.

---

Sare_Mbili alijibu:

Kweri ya FundiKweri ni sahihi, ila kuna uamuzi mmoja imeufanya kimyakimya ambao ni wako wewe, mwenye data. Tazama kituo A: mstari 2 na mstari 4 vyote vina 31.2. Kwa mpangilio `joto DESC, saa, id` unabaki mstari 2 kwa kuwa ulitangulia. Mstari 4 hauonekani popote. Je, ndivyo unavyotaka?

Ukitaka zote zilizofungana kileleni, badilisha `ROW_NUMBER` iwe `RANK` na uondoe `saa, id` kwenye mpangilio:

```sql
RANK() OVER (PARTITION BY kituo ORDER BY joto DESC) AS nafasi
```

Ukibadilisha jina la funksheni na kusahau kuondoa `id`, hujabadilisha lolote: `id` haijirudii, kwa hiyo hakuna mistari miwili itakayofungana, na `RANK` itafanya kazi sawasawa na `ROW_NUMBER`. Kosa hili ni gumu kulinasa kwa macho kwa sababu kweri inasomeka vizuri.

Kwa nafasi ya kwanza peke yake, `RANK` na `DENSE_RANK` ni kitu kilekile. Zinaachana ukishuka chini. Joto likiwa 31.2, 31.2, 27.9, 18.4:

```
joto   ROW_NUMBER  RANK  DENSE_RANK
31.2   1           1     1
31.2   2           1     1
27.9   3           3     2
18.4   4           4     3
```

Na ukiamua kubaki na `ROW_NUMBER`, usiache kamwe mpangilio wa `joto DESC` ukiwa peke yake. Zikifungana, kanzidata itachagua yoyote, na haikuahidi kuchagua ileile kesho. Ripoti mbili za data isiyobadilika zitatofautiana na hutajua kwa nini. Malizia daima na safu isiyojirudia, kwa kawaida ufunguo msingi.

Sasa NULL (yaani hakuna thamani iliyoandikwa), ambayo naiona hatari kuliko sare. `MAX` inaziruka NULL. `ORDER BY` haiziruki, inazipa mahali, na mahali penyewe hutofautiana. MySQL, SQLite na SQL Server huihesabu NULL kuwa ndogo kuliko yote, kwa hiyo kwenye `DESC` inakwenda mwisho. PostgreSQL na Oracle huiweka juu, kwa hiyo kwenye `DESC` inakuja kwanza. Kweri ya hapo juu ikihamishiwa PostgreSQL kama ilivyo, kituo B kitarudisha mstari 6 wenye joto tupu badala ya 27.9. Kwenye PostgreSQL, Oracle na SQLite kuanzia 3.30 unaweza kuandika `ORDER BY joto DESC NULLS LAST`. MySQL haina maneno hayo.

Njia inayofanya kazi kote ni kuchuja ndani, `WHERE joto IS NOT NULL`. Ila angalia kituo D: kina kipimo kimoja na ni NULL. Ukichuja, D inatoweka kwenye majibu. Usipochuja, kwenye MySQL D itatokea ikiwa na joto tupu. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, inategemea msomaji wa ripoti anataka kuona vituo vyote au vile vyenye kipimo tu. Amua kabla ya kuandika.

---

Nukta_Mkato alijibu:

Naongezea kwa wenye seva za zamani zisizo na funksheni za dirisha, na kwa yeyote anayerithi kweri zilizoandikwa zamani, maana utazikuta.

Njia ninayoiamini zaidi ni kupata kilele cha kila kundi kwanza, halafu kurudi kwenye jedwali kuchukua mistari inayolingana nacho:

```sql
SELECT p.*
FROM vipimo AS p
JOIN (
  SELECT kituo, MAX(joto) AS kilele
  FROM vipimo
  GROUP BY kituo
) AS m
  ON m.kituo = p.kituo
 AND m.kilele = p.joto;
```

Hii inaleta sare zote (mistari 2 na 4 kwa A), na kituo D hakitokei kwa sababu NULL hailingani na chochote, hata NULL mwenzake.

Mtego wake uko kwenye vichujio. Tuseme unataka kilele cha tarehe 2 Machi peke yake. Ukiweka sharti la tarehe nje tu, kilele kitakuwa cha siku zote, na kituo ambacho kilele chake kilikuwa tarehe 1 kinapotea. Ukiliweka ndani tu, mstari wa tarehe 1 wenye joto linalolingana unapenya: kwa A utaletewa mstari 2 pamoja na 4. Sharti liandikwe pote pawili. Kwenye funksheni ya dirisha liko mahali pamoja, ndani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Kuna kifupisho ambacho ni kibovu moja kwa moja:

```sql
-- USITUMIE
SELECT * FROM vipimo
WHERE joto IN (SELECT MAX(joto) FROM vipimo GROUP BY kituo);
```

Hapa kituo kimesahaulika. Orodha ya vilele ina 27.9 ya kituo B, basi mstari 3 wa kituo A, ambao si kilele cha A, unaingia kwa sababu nao ni 27.9. Data ikiwa ndogo na thamani hazirudii, kweri hii inatoa jibu sahihi, kwa hiyo majaribio hayaikamati. Kinachotakiwa ni jozi: `WHERE (kituo, joto) IN (SELECT kituo, MAX(joto) ...)`. Inakubalika MySQL, PostgreSQL, Oracle na SQLite ya kuanzia 3.15, lakini si SQL Server.

Nyingine ni ya kuunganisha jedwali na lenyewe na kutafuta mstari usio na wa kuuzidi:

```sql
SELECT a.*
FROM vipimo AS a
LEFT JOIN vipimo AS b
  ON b.kituo = a.kituo
 AND (b.joto > a.joto
      OR (b.joto = a.joto AND b.id < a.id))
WHERE b.id IS NULL
  AND a.joto IS NOT NULL;
```

Mantiki yake inavutia: mstari ambao hakuna ulio juu yake ndio kilele. Lakini ule mstari wa mwisho wa `IS NOT NULL` usipokuwepo, kila mstari wenye joto tupu unapita, kwa kuwa ukilinganisha kitu na NULL jibu si kweli wala si uongo, hivyo hakuna `b` atakayeushinda. Utaletewa mistari 6 na 8. Pia sharti hilo likae kwenye `WHERE`. Ukilihamishia kwenye `ON` halichuji upande wa kushoto.

Kwa ukubwa wa data yako, mkuu, hii usiiguse. Mistari milioni 4 kwa vituo 300 ni wastani wa 13,333 kwa kituo. Kila mstari unalinganishwa na wenzake walio juu yake, yaani jozi kama milioni 89 kwa kituo kimoja, na ukizidisha kwa 300 unakaribia bilioni 27. Njia hii inafaa makundi ya mistari michache tu.

Ya mwisho ni ya kufuta kabisa mkiikuta:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT * FROM vipimo ORDER BY joto DESC
) AS t
GROUP BY kituo;
```

Ilitegemea MySQL ipange kwanza ndipo iokote mstari wa juu. Haikuwahi kuahidiwa. Kuanzia 5.7 MySQL inaweza kuunganisha kweri ya ndani na ya nje na kuitupa `ORDER BY`, na MariaDB huitupa `ORDER BY` ya kweri ya ndani isiyo na `LIMIT`. Zile za kubeba vigezo vya `@n := @n + 1` ndani ya `SELECT` nazo ziacheni, mpangilio wa kuhesabiwa kwake hauna dhamana.

---

Mpima_Anga aliandika:

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa. `ONLY_FULL_GROUP_BY` kweli ilikuwa imezimwa, nimeirudisha. Uamuzi wangu: zikifungana nachukua ya mapema zaidi, na kituo kisicho na kipimo kitokee kikiwa kitupu ili kionekane kinahitaji kuangaliwa.

`ROW_NUMBER` inatoa majibu sahihi, lakini kwenye jedwali la milioni 4 inakwenda taratibu. `EXPLAIN`, amri inayoonyesha jinsi kweri itakavyoendeshwa, inaonyesha jedwali linasomwa lote, kisha `Using filesort`, yaani mistari inapangwa upya. Nimeweka indeksi ya `joto` peke yake, haikusaidia kitu. Nimekosea wapi?

---

Mti_B alijibu:

Indeksi ya `joto` peke yake inapanga vipimo vya vituo vyote kwa pamoja, wakati swali lako linaanza na kituo. Kituo ndicho kitangulie, kisha kigezo cha mpangilio, kisha vya kuvunja sare:

```sql
CREATE INDEX ix_kilele
  ON vipimo (kituo, joto DESC, saa, id);
```

Mielekeo ifanane na `ORDER BY` yako, au iwe kinyume chake kwa safu zote. Nusu hivi nusu vile itairudisha kwenye kupanga upya. MySQL 8.0 inaiheshimu `DESC` ndani ya indeksi. 5.7 inaisoma na kuipuuza bila onyo.

Lakini indeksi pekee haitoshi kwa kweri ya dirisha. `ROW_NUMBER` lazima iipe namba mistari yote milioni 4 ndipo kweri ya nje itupe 3,999,700. Wewe una vituo 300 na jedwali la `vituo` tayari. Geuza swali: kwa kila kituo, shuka kwenye indeksi uchukue mstari wa kwanza, kisha simama.

```sql
SELECT v.kituo, x.id, x.kifaa, x.saa, x.joto
FROM vituo AS v
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT p.id, p.kifaa, p.saa, p.joto
  FROM vipimo AS p
  WHERE p.kituo = v.kituo
    AND p.joto IS NOT NULL
  ORDER BY p.joto DESC, p.saa, p.id
  LIMIT 1
) AS x ON TRUE;
```

Hapo ni safari 300 fupi ndani ya mti wa indeksi, kila moja ikigusa kurasa chache. `LEFT JOIN` inatimiza uamuzi wako kuhusu kituo D: kitatokea kikiwa na safu tupu. Ukiweka `JOIN` ya kawaida kitatoweka.

`LATERAL`, inayoiruhusu kweri ya ndani itumie `v.kituo` ya nje, inahitaji MySQL 8.0.14 au zaidi, kwa hiyo angalia namba kamili kwa `SELECT VERSION();`. PostgreSQL inayo tangu 9.3. SQL Server inaandika `OUTER APPLY` na `SELECT TOP (1)` ndani, bila `ON TRUE` wala `LIMIT`.

Ukiendesha `EXPLAIN` tafuta jina `ix_kilele` kwenye safu ya `key` ya mstari wa `p`, na `Using filesort` iwe imeondoka hapo. Ikibaki, linganisha `ORDER BY` na indeksi safu kwa safu.

Tahadhari moja kubwa: njia hii inashinda pale makundi ni machache na kila kundi ni kubwa. Ungekuwa na makundi milioni 2 ya mistari miwiliwili, ungefanya safari milioni 2 ndani ya indeksi kwa kazi ambayo kupitia jedwali mara moja kungeimaliza. Huko rudi kwenye `ROW_NUMBER`. Na ukirudi huko, usibebe `p.*` kwenye kweri ya ndani kama jedwali lina safu za maandishi marefu, maana zote zinaingia kwenye kupanga. Chukua `id` na namba tu, kisha unganisha tena kwa `id`.

Kwa wa PostgreSQL kuna `DISTINCT ON`, fupi kuliko zote:

```sql
SELECT DISTINCT ON (kituo) id, kituo, kifaa, saa, joto
FROM vipimo
WHERE joto IS NOT NULL
ORDER BY kituo, joto DESC, saa, id;
```

`ORDER BY` lazima ianze na safu zilezile za `DISTINCT ON`, vinginevyo inakataa. Ukitaka matokeo yapangwe kwa joto, zungushia kweri ya nje. Na kama badala ya kuchuja umeandika `DESC NULLS LAST`, indeksi nayo itengenezwe kwa `DESC NULLS LAST`. `DESC` tupu ya PostgreSQL huweka NULL mbele, hailingani, na kweri itapanga upya mbele ya indeksi uliyodhani inatumika.

Halafu SQLite ina upekee wake. Kweri ya kwanza kabisa ya Mpima_Anga, ile yenye `MAX(joto)` na safu zilizoachwa wazi, kwenye SQLite kuanzia 3.7.11 inatoa mstari sahihi, kwa sababu kukiwa na `MAX` moja au `MIN` moja, safu nyingine zinachukuliwa kutoka mstari huohuo. Imeandikwa kwenye nyaraka zake, lakini ni ya SQLite peke yake. Ndiyo maana kweri inaweza kupita majaribio kwenye kompyuta yako na kuharibu ripoti kwenye seva ya MySQL iliyolegezwa.

---

Fremu_Data alijibu:

Kwa wanaofanya kazi hii nje ya kanzidata, kwenye pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, ambayo huyaita fremu):

```python
safi = df.dropna(subset=["joto"]).reset_index(drop=True)
kilele = safi.loc[safi.groupby("kituo")["joto"].idxmax()]
```

`idxmax` inarudisha lebo za indeksi, si nafasi. Kama fremu imetokana na kuunganisha faili kadhaa kwa `concat`, lebo zinajirudia, na `loc` itakuletea mistari ambayo hukuiomba. `reset_index` ipo pale kwa sababu hiyo. `dropna` nayo inaondoa tatizo la kundi lenye NaN tupu, ambalo `idxmax` haina cha kurudisha.

Zikifungana, `idxmax` inachukua iliyotangulia kwenye fremu. Ukitaka kuamua mwenyewe, panga kisha bakiza ya kwanza:

```python
kilele = (safi.sort_values(["joto", "saa", "id"],
                           ascending=[False, True, True])
              .drop_duplicates("kituo"))
```

Na ukitaka sare zote:

```python
kilele = safi[safi["joto"] ==
              safi.groupby("kituo")["joto"].transform("max")]
```

`groupby` huyaacha makundi ambayo jina la kundi lenyewe ni NaN. Vipimo visivyo na kituo vitapotea bila onyo hadi uandike `dropna=False`.

Kwenye R, `slice_max(joto, n = 1)` ya dplyr inaleta sare zote usipoiambia vinginevyo. Ukitaka mstari mmoja, `with_ties = FALSE`.

---

Sare_Mbili alijibu:

Kabla hujaipeleka kwenye ripoti, Mpima_Anga, pitisha matokeo kwenye ukaguzi huu. Hifadhi matokeo kwenye jedwali la muda, tuseme `vilele`:

```sql
-- kituo kilichotokea zaidi ya mara moja
SELECT kituo, COUNT(*) FROM vilele
GROUP BY kituo HAVING COUNT(*) > 1;

-- kituo kilichopotea
SELECT v.kituo FROM vituo AS v
LEFT JOIN vilele AS k ON k.kituo = v.kituo
WHERE k.kituo IS NULL;

-- mstari wowote unaouzidi "kilele"
SELECT p.id FROM vipimo AS p
JOIN vilele AS k ON k.kituo = p.kituo
WHERE p.joto > k.joto;
```

Zote tatu zirudi tupu kwa uamuzi ulioufanya. Hiyo mistari minane uliyoiweka juu nayo itunze kama data ya majaribio: ina sare, ina NULL kando ya thamani, ina kundi la mstari mmoja, ina kundi la NULL tupu, na ina thamani inayorudi kati ya vituo viwili. Kweri ikitoa mistari 2, 5, 7 na D tupu, ipo sawa.

---

Mpima_Anga aliandika:

`LATERAL` imefanya kazi, `key` inaonyesha `ix_kilele` na filesort imeondoka. Ukaguzi wote umerudi mtupu.

La mwisho: wakubwa wakitaka vipimo vitatu vya juu kwa kila kituo, nabadilisha `LIMIT 1` kuwa `LIMIT 3` basi?

---

Mti_B alijibu:

Ndiyo, na indeksi ni ileile. Ila `LIMIT 3` inahesabu mistari. Kama nafasi ya tatu na ya nne zimefungana, ya nne inakatwa kwa kigezo cha `saa`. Wakitaka sare ya tatu ionekane, tumia `RANK()` na `WHERE nafasi <= 3`, ukikubali kwamba baadhi ya vituo vitatoa mistari minne au zaidi. Wakisema "viwango vitatu vya joto", yaani thamani tatu tofauti hata kama kila moja imejirudia, hiyo ni `DENSE_RANK()`. Waulize wanamaanisha ipi kati ya hizo tatu, kisha uandike.